Kioo cha bafuni chenye taa: uungaji wa umeme

Kioo chenye taa ni kioo cha ukutani kilichojengewa taa za LED pembeni au nyuma yake, mara nyingi pamoja na swichi ya kugusa na bamba jembamba la joto linalozuia mvuke usitande kwenye kioo. Matumizi yake ya umeme ni madogo: kioo cha wati 46 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 0.2 tu. Hatari yake inatokana na mahali kinapofungwa. Bafuni mtu husimama peku juu ya sakafu yenye maji, mwili umelowa, na ngozi iliyolowa huzuia umeme kidogo sana kuliko ngozi kavu. Mkondo wa makumi machache ya miliampea, ukipita kifuani kwa sekunde kadhaa, unatosha kuvuruga mapigo ya moyo.

Kwa sababu hiyo kiwango cha kimataifa cha IEC 60364, katika sehemu yake ya 7-701, hugawa bafu kwa kanda. Kanda 0 ni ndani ya beseni la kuogea. Kanda 1 ni eneo lililo juu ya beseni hilo hadi mita 2.25 kutoka sakafuni, na kanda 2 ni sentimita 60 zinazofuata kwa upande. Michoro mingi ya mafundi huishia hapo, kana kwamba kila nyumba ina beseni. Bafu la kawaida la Dar es Salaam au Mombasa halina: bomba la shawa limetoka ukutani, maji yanaanguka kwenye vigae na kukimbilia kwenye tundu la sakafu, na choo na sinki vimo humo humo. Kwa bafu la namna hii kanda 2 haipo, na kanda 1 hupanuka hadi mita 1.2 kila upande kuanzia pale maji yanapotokea. Katika chumba cha mita 1.5 kwa 2, kioo kilicho juu ya sinki mara nyingi hujikuta ndani ya kanda 1, ingawa mwenye nyumba anakiona kiko mbali na shawa. Ukuta mfupi uliojengwa katikati husaidia, kwani kipimo huuzunguka badala ya kuukata.

Ndani ya kanda 1 hufungwa vifaa vya kudumu tu, ambavyo mtengenezaji ametamka kuwa vinafaa hapo, na kinga yao dhidi ya maji isipungue IPX4. Alama hiyo hutafutwa nyuma ya kioo chenyewe. Maandishi ya boksini hayatoshi. Katika IP44 tarakimu ya pili ndiyo ya maji, na 4 maana yake ni kuhimili marashio kutoka pande zote. Kioo chenye IP20 ni cha sebuleni au chumba cha kulala, hata kama muuzaji amekipanga karibu na masinki. Kioo chenye soketi yake hufaa bafuni iwapo tu ni ile maalumu ya mashine ya kunyolea, yenye transfoma ndani. Soketi ya kawaida hukaa mbali kabisa: kanuni za Uingereza, BS 7671, zilitaka mita 3 kutoka mpaka wa kanda 1, zikapunguza hadi mita 2.5 mwaka 2022. Waya wa ekstensheni uliopitishwa juu ya mlango haukubaliki kwa kipimo chochote.

Suala linalopuuzwa zaidi ni earthi. Nyumba nyingi hutegemea fimbo yao wenyewe iliyopigwa ardhini, na udongo ukikauka ukinzani wake hupanda. Fimbo ikiwa na omu 100, waya wa laini ukigusa fremu ya alumini utapitisha ampea 2.3 tu ardhini. Sakiti breka ya ampea 6 haitashtuka kamwe kwa kiasi hicho, na fremu itabaki na umeme ikimsubiri mtu. Kinachookoa hapo ni RCD ya miliampea 30, ambayo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi na kukata pakiwa na mvujo. Bafu lisilo na RCD lisifungwe kioo cha volti 230. Kitufe cha majaribio cha RCD hubonyezwa mara kwa mara. Kisipokata, kifaa kibadilishwe.

Kazi yenyewe ni ya fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania Bara hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA. Huanza kwa kuzima meni swichi, kisha kuhakiki kwa testa iliyojaribiwa kwanza mahali penye umeme. Umeme kukatika mtaani, au uniti za mita ya LUKU kuisha, si ruhusa ya kufungua waya, kwa kuwa utarudi bila kubisha hodi. Waya wa milimita za mraba 1.5 hutolewa kwenye sakiti ya taa kupitia paipu ndani ya ukuta, ukishuka wima kutoka darini ili atakayetoboa vigae baadaye ajue ulipo. Kioo chenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, kina kihami maradufu na hakihitaji earthi. Chenye fremu ya chuma na kituo cha earthi lazima kiungwe kwa waya wa kijani na njano. Viungio hukaa ndani ya kiboksi chenye mfuniko. Kuvisokota na kuvifunga tepu nyuma ya kioo ni kuvikabidhi kwa mvuke.

Swichi ya ukutani huwekwa nje ya mlango, nayo ikate laini. Fundi akiikatisha nyutro, taa itazimika lakini ndani ya kioo umeme utabaki. Dalili mojawapo ni LED zinazong'aa hafifu gizani baada ya kuzimwa. Kitaa kidogo kilichomo ndani ya swichi nacho huweza kuleta mng'ao huo huo, kwa hiyo testa ndiyo iamue.

Nyumba ya kupanga, au ya zamani isiyo na earthi wala RCD, ina njia nyingine: kioo kilichotengenezwa kwa volti 12, ambacho transfoma yake maalumu ya kutenganisha umeme hufungwa nje ya bafu, na waya wa volti hizo ndogo pekee ndio unaoingia ndani. Transfoma isifichwe juu ya dari ya bafu lenyewe mahali isipofikika, maana huweza kuchoka kabla ya LED.