Goti lililosagika: upasuaji upi unafaa?

Kulika kwa gegedu, ile tishu telezi inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, huwapata zaidi watu waliovuka umri wa miaka 50, hasa wanene na waliowahi kuumia goti. Mazoezi ya misuli ya paja, kupunguza uzito na dawa za maumivu hutangulia. Visipofaa, mgonjwa huanza kuulizia upasuaji, na njia atakazotajiwa hazina uzito sawa.

Iliyo rahisi kuliko zote ni kuingiza kamera kwa matundu madogo na kuliosha goti. Mgonjwa huweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, ndiyo maana huvutia. Hata hivyo, mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 180, ambao baadhi yao walichanjwa ngozi tu bila chochote kufanyika ndani, wala hawakujua wamo kundi lipi. Baada ya miaka miwili, waliotibiwa hawakuwa na nafuu zaidi yao. Utafiti wa Canada wa mwaka 2008 nao haukuona faida, na mwaka 2017 jopo la kimataifa lilishauri kwa msisitizo goti lililochakaa lisitibiwe hivyo. Anayetakiwa kulipia huduma hiyo kwa sababu ya kusagika pekee ana haki ya kuuliza kulikoni.

Kwa mtu ambaye bado ana nguvu za kazi, mwenye matege na aliyelika upande wa ndani tu, daktari anaweza kuukata mfupa wa muundi, kuunyoosha na kuufunga kwa chuma ili uzito uhamie upande mzima. Magongo hutumika kwa wiki kadhaa. Goti huwa limeongezewa miaka, halijapona.

Ubishi mkubwa uko kwenye goti bandia: libadilishwe upande mmoja au lote? Utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 528, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa baada ya miaka mitano makundi yote mawili yalipata nafuu inayolingana, na la upande mmoja liligharimu kidogo. Lakini takwimu za muda mrefu, zilizochapishwa mwaka huo huo, zinaonyesha kuwa magoti bandia kamili takriban 82 kati ya 100 hudumu miaka 25, na ya upande mmoja 70. La upande mmoja huhitaji pia kano za goti ziwe imara. Ugonjwa ukienea kote, hubaki kubadilisha lote.

Nchini Tanzania upasuaji huo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba takriban mmoja kati ya watano hubaki na maumivu hata baada ya kubadilishiwa goti, na kwamba kisukari kisichodhibitiwa au kidonda mguuni hulazimu upasuaji uahirishwe, kwa kuwa vijidudu vikiingia kwenye goti bandia huenda likalazimika kutolewa.