Mwimbaji, Almasi na Malango ya Maskati

Mwaka 1963 malango ya mji wa Maskati yalikuwa bado yakifungwa saa tatu za usiku. Mzinga ukishalia, aliyetaka kutembea ndani ya mji alipaswa kubeba taa, na aliyechelewa nje ya ukuta hakuwa na budi kungoja asubuhi. Sultani Said bin Taimur, aliyetawala tangu 1932, hakuruhusu majumba ya sinema. Sinema ilihesabiwa miongoni mwa mambo mengi ya kigeni yaliyozuiwa mlangoni.

Unguja, chini ya ukoo uleule wa Al Busaidi, mambo yalikuwa kinyume. Jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921, na kufikia miaka ya 1950 wakazi wa Mji Mkongwe walikuwa na Majestic, Empire na Sultana. Filamu za waimbaji zilipendwa mno: za Bombay, na za Kairo walimong'ara Umm Kulthum, Farid al-Atrash na Abdel Halim Hafez. Mtazamaji aliingia kufuata hadithi akatoka na wimbo. Haukupita muda mrefu tuni ile ikasikika barazani, na waimbaji wa taarab wa pwani, hususan Mombasa, wakaivisha maneno ya Kiswahili.

Marekani nayo ilikuwa na filamu zake za waimbaji. Tangu miaka ya 1930 Gene Autry, na baada yake Roy Rogers, walimpa kauboi gitaa pamoja na bastola. Mtindo huo ulikuwa umekwisha kuchakaa ulipopata kitindamimba mwaka 1963, tena katika ardhi ya Afrika. Jim Reeves, mwimbaji wa Texas mwenye sauti nzito na tulivu, alikwenda Afrika Kusini kuigiza katika Kimberley Jim, filamu iliyoongozwa na Emil Nofal. Ni mchezo wa nyimbo na vichekesho uliovikwa vazi la kauboi: Wamarekani wawili, wacheza karata wenye hila, wanajitwalia mgodi wa almasi kwa mchezo wa udanganyifu, kisha dhamiri inawasuta.

Kimberley ya historia haikuwa na kichekesho hicho. Shimo lake kuu lilichimbwa kwa mikono ya maelfu ya Waafrika, ambao tangu 1872 walibanwa na sheria za pasi. Kuanzia miaka ya 1880 walifungiwa katika kambi zenye kuta kwa muda wote wa mkataba, na kupekuliwa uchi wasije wakatoka na jiwe. Hila ya karata ni wizi mdogo ukilinganishwa na huo.

Kwa sababu hiyo filamu ilizaliwa na mzigo ambao nyimbo za mwimbaji wake hazikuubeba. Novemba 1962 Umoja wa Mataifa ulikuwa umewaomba wanachama wasusie bidhaa za Afrika Kusini. Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Addis Ababa ukautilia nguvu wito huo, na Dar es Salaam ikawa makao ya Kamati yake ya Ukombozi. Reeves mwenyewe alikufa tarehe 31 Julai 1964 katika ajali ya ndege ndogo aliyokuwa akiirusha, na filamu ikawafikia watazamaji wa Marekani mwaka uliofuata. Sauti yake, hata hivyo, ilienea Afrika ya Mashariki kwa redio na santuri. Hata leo wako wazee wa Kenya wanaozijua nyimbo zake kwa moyo bila kupata kumwona akipanda farasi.

Filamu huhitaji kibali, jumba na dola iliyo radhi. Katika hilo inafanana na msafiri. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipowatoa Unguja watu wengi wenye asili ya Oman, Maskati ya Sultani Said haikuwafungulia mlango kwa upana. Wengi walitawanyika Kairo, Dubai, Kuwait na Uingereza. Miongoni mwao walikuwamo waliokulia katika viti vya Majestic na Empire, na sasa nchi ya mababu zao ilikuwa na mji mkuu usio hata na jumba moja la namna hiyo.

Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos bin Said alichukua utawala na kuwaita Waomani walioko nje warudi. Waliotoka Unguja walikuja na elimu yao wakaingia maofisini, na Kiswahili kikasikika katika mitaa ya Maskati. Mpangilio wa yaliyofuata unastahili kutazamwa. Redio ya Oman ilianza tarehe 30 Julai, wiki moja tu baada ya mabadiliko. Televisheni ilingoja hadi Novemba 1974. Majumba ya sinema yalijengwa Ruwi katika muongo huohuo, na filamu ndefu ya kwanza ya Kiomani, Al-Boom ya Khalid al-Zadjali, ikatoka mwaka 2006. Sauti iliingia kwanza na picha ikafuata nyuma yake kwa miaka mingi. Kwa waliorudi, ambao Majestic na Empire zilikwisha kuwapa nyimbo bila kuwapa njia ya kuzibeba picha zake, mpangilio huo haukuwa mgeni.