Slomo yako inatoka giza? Simu haina kosa, ni mwanga

Video ya kawaida kwenye simu hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Ukichagua slomo zinakuwa 120, au 240. Hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu kwenye fremu 240 hakuna picha inayoweza kupokea mwanga zaidi ya sehemu moja ya 240 ya sekunde. Ukilinganisha na fremu 30, muda huo umepungua mara 8. Simu inajaribu kufidia kwa kupandisha ISO, na chenga zinajaa.

Kanuni hii ni ya zamani kuliko simu. August Musger, padri wa Austria, alipata hataza ya mtambo wa mwendo wa polepole mwaka 1904. Kwenye kamera za filamu, shata ya nusu duara huacha mwanga uingie nusu tu ya muda wa kila fremu. Kwa fremu 24 ni 1/48 ya sekunde, kwa fremu 240 ni 1/480. Mwanga umepungua mara 10, kwa hiyo mpiga picha alifungua zaidi tundu la lenzi, au akaweka mkanda unaohisi mwanga haraka, au akaongeza taa. Na hakuwa na muda wa kujaribu-jaribu: mkanda wa milimita 16 wa futi 100 una fremu 4,000 hivi. Ukiuendesha kwa fremu 400, umeisha ndani ya sekunde 10, na matokeo utayaona ukishasafishwa.

Wewe una kioo mkononi, ni nafuu kubwa. Ila tundu la lenzi kwenye simu nyingi halibadiliki, kwa hiyo kinachobaki ni mwanga wa mahali ulipo.

Treni ya SGR ikipita Soga, wilayani Kibaha, saa 6 mchana, weka 240 bila wasiwasi. Mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kila sekunde. Kwa shata ya 1/60 inasogea sentimita 74 ndani ya fremu moja, na utapata ukungu tu. Kwa 1/480 ni sentimita 9. (Simama nje ya uzio, tafadhali.)

Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi kule Kisarawe ni habari nyingine. Chini ya miti mchana kweupe ni kama jioni. Shuka 120, tafuta sehemu jua linapopenya. Mdundiko wa jioni nao unapendeza kwa 120, hasa jua likiwa nyuma ya wachezaji na vumbi likipanda. Shida ni kwamba simu inapima anga, kisha nyuso zinakuwa nyeusi tii. Bonyeza usoni na ushikilie mpaka kipimo kijifunge, halafu shusha mwanga kidogo kama nguo nyeupe zinaungua. Usipofunga, video itapanda na kushuka mwanga kila mtu anapopita mbele yako.

Kazi ngumu iko ukumbini. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazotumia umeme huo humeta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, slomo inaona. Dawa ya kawaida ni shata ya 1/50 au 1/100, lakini kwa fremu 120 shata haiwezi kukaa wazi hata 1/100 nzima. Hivyo picha inapepesa, na hakuna kitufe cha kuiondoa kabisa. Kama programu yako ya kamera ina fremu 100, chagua hiyo na shata ya 1/100. Kama haina, beba taa ya betri isiyometa, isogeze karibu na maharusi ili izishinde taa za ukumbi.

Fika ukumbini Kibaha kabla wageni hawajajaa, washa taa zilezile zitakazotumika, rekodi sekunde 5 za mkono wa mwenzako, kisha zitazame kwa mwendo wa polepole. Zikipepesa, rekodi kuvishana pete kwa video ya kawaida ya fremu 25 na shata ya 1/50. Pete inavishwa mara moja, na mteja ameshalipa advansi.