Kujisukuma: Bega Linapofanya Kazi ya Mguu

Katika maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza kuhusu viti mwendo kuna istilahi isiyokosekana: "propulsion". Tafsiri inayokuja haraka ni "usukumaji wa kiti mwendo", na mfasiri akishaiandika huendelea na safari yake. Naona tafsiri hiyo inapotosha. Ukimwambia Mswahili kwamba kiti mwendo kinasukumwa, picha inayomjia ni ya ndugu aliyesimama nyuma ameshika vishikio, na mgonjwa ametulia mbele. Ilhali istilahi inamhusu aliyeketi. Ni yeye anayeshika ringi zilizofungwa ubavuni mwa magurudumu makubwa, akazipeleka mbele, akaziachia, kisha akarudisha mikono kuzishika upya. Kiswahili kinamtaja mtendaji huyo kwa silabi moja tu: anajisukuma. Napendekeza istilahi iwe kujisukuma, na usukumaji tumwachie msaidizi. (Kwa wasomaji wa Mwanza niongeze: hakuna undugu wowote na jina la Wasukuma, linalotokana na neno la kwao lenye maana ya kaskazini.)

Taaluma inayochunguza kujisukuma ni biomekanika, na kwa neno hilo la mkopo sina ubishi. Tumezoea baiolojia, tumezoea mekanika. Hii ni mekanika ya mwili ulio hai. Swali lake ni hili: kani inayotoka kiganjani inapopanda hadi begani, inapita wapi, na inaacha madhara gani?

Tuliangalie bega lenyewe. Nyonga ni kiungo kilichoumbwa kubeba: kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya shimo refu la mfupa. Bega halina shimo la namna hiyo. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa pembeni mwa kombe la bega kama chungwa juu ya kisosi, na kinachokizuia kisiteleze ni mishipi ya nyama: misuli minne iliyotoka kwenye kombe, ambayo kano zake zimeungana na kukizingira kichwa cha mfupa. Juu yake kuna paa dogo la mfupa, na kati ya paa na kichwa kuna upenyo mwembamba ambamo kano mojawapo hupita. Kwa kuwa bega halina shimo refu, mkono unaweza kwenda pande zote, ukachuma embe na ukajikuna mgongo. Uhuru huo umelipiwa kwa kupunguza uthabiti.

Sasa mpe mkono huo kazi ya mguu. Kila anapojisukuma, kani inamrudia mtu kupitia kiwiko na kukipandisha kichwa cha mfupa kuelekea lile paa. Misuli minne ikiwa na nguvu na haijachoka, hukivuta kirudi katikati. Ikichoka, kano hubanwa. Misuli ya kifua na ya mbele ya bega inazidi kunenepa kwa kazi ya kutwa, ile ya nyuma inabaki dhaifu, na mvutano hauwi sawa tena. Tukichukulia kwamba kila msukumo unampeleka mtu kama mita moja, safari ya kilomita 2 ni misukumo 2,000. Hapo hatujahesabu kujinyanyua kitandani, kuhamia kwenye bajaji, wala kujiinua kitini ili makalio yasifanye vidonda. Tafiti nyingi zimekuta maumivu ya bega kwa kati ya asilimia 30 na 70 ya wanaotumia viti vya mikono. Bega likishindwa, mtu aliyekwisha kupoteza miguu anapoteza na mikono.

Maelezo haya ya kani hayakutoka hewani. Rory Cooper, mwanajeshi wa Marekani aliyepooza baada ya ajali ya baiskeli nchini Ujerumani mwaka 1980, akawa mhandisi na kuanzisha maabara Pittsburgh. Yeye na wenzake walitumia gurudumu lenye vihisio kwenye ringi, linaloonyesha kani ya mkono kwa kila upande katika kila hatua ya mzunguko. Likagawa kujisukuma katika awamu mbili. Ya kwanza, mkono ukiwa kwenye ringi, tuiite msukumo. Ya pili, mkono ukirudi nyuma kutafuta mahali pa kushika, naona mrejeo inatosha.

Mrejeo ndio wenye siri. Wapo wanaorudisha mkono kwa kuufuata mzingo wa ringi, wapo wanaouinua juu yake, na wapo wanaoushusha chini kabisa kisha kuupandisha kwa nyuma. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2005 na chama cha wanajeshi wa zamani waliopooza unashauri njia hii ya mwisho: msukumo mrefu, laini, usio wa kupigapiga ringi, kisha mkono uanguke chini wenyewe. Misukumo inapungua, na bega linapata nafasi ya kupumua.

Ila ushauri huo ni wa sakafu tambarare, na Mwanza ni mji wa miamba. Tufanye hesabu. Mtu wa kilo 65 kwenye kiti cha kilo 18 ni kilo 83. Kwenye sementi tambarare, ukinzani anaoushinda ni kama uzito wa kilo 1. Mweke kwenye mteremko wa 1 kwa 12, ambao nchi nyingi huuweka kuwa kikomo cha njia za viti mwendo, na papo hapo anavutwa nyuma na kitu chenye uzito wa karibu kilo 7 zaidi. Tena ringi ni ndogo kuliko tairi, kwa hiyo mikono inadaiwa zaidi ya hapo. Na kila akiachia, kiti kinaanza kurudi. Hana muda wa kushusha mkono chini; anadaka ringi harakaharaka, kwa misukumo mifupi na mizito. Barabara inayopanda kilima cha Bugando kwenda hospitali ya rufaa, au vichochoro vya Igogo na Mabatini vinavyojipenyeza kati ya mawe, havikuchongwa kwa kipimo cha 1 kwa 12. Ukishuka kandoni mwa ziwa mteremko unakwisha, lakini mchanga unameza vigurudumu vya mbele.

Kwa hiyo kiti kina neno kubwa. Kile cha hospitali, kizito, ekseli ikiwa nyuma kabisa, kimepangwa kwa ajili ya kusukumwa na muuguzi. Anayejisukuma anahitaji ekseli isogezwe mbele, ili mikono ifikie sehemu kubwa ya ringi na uzito uegemee magurudumu makubwa. Kuna gharama: kiti huwa chepesi kupinduka kwa nyuma, na kwenye mlima hilo ni hatari ya kweli. Isogezwe kidogokidogo, na mtu afundishwe kuinama mbele anapopanda. Kimo cha kiti nacho unaweza kukikagua nyumbani: mkono ukiwa juu kabisa ya ringi, kiwiko kifanye pembe ya nyuzi 100 hadi 120. Kikikaribia kunyooka, kiti kiko juu mno.

Ringi si njia pekee. Watafiti wa Uholanzi, akiwamo Lucas van der Woude, walionyesha kwamba katika nishati yote ambayo mwili unaichoma kwa kujisukuma kwa ringi, ni nadra zaidi ya asilimia 10 igeuke mwendo. Baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu, ambayo pedali zake zinazungushwa mbele ya kifua, inafanya vizuri zaidi, kwa kuwa mkono hauachii. Tatizo lake ni kwamba haiingii chumbani wala chooni. Mwaka 2005 Amos Winter, mwanafunzi wa uhandisi wa MIT, alikuja Tanzania kuchunguza vyombo hivi, na baadaye yeye na wenzake wakabuni kiti cha nyenzo kilichojaribiwa Afrika Mashariki: shika nyenzo juu upate nguvu ya kupanda, shika chini upate kasi. Shirika la Motivation la Uingereza nalo lilitengeneza kiti cha magurudumu matatu, kirefu kwa mbele, kwa ajili ya njia mbovu, na likashirikiana na chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi, kufundisha mafundi sanifu wa viti mwendo.

Na bega ambalo limekwisha kuuma? Jaribio la hospitali ya Rancho Los Amigos, California, lililochapishwa mwaka 2011, lilionyesha kwamba mazoezi ya kuimarisha misuli ya bega, pamoja na kurekebisha namna ya kujisukuma na kuhama, hupunguza maumivu. Mazoezi hayo hayahitaji mashine. Utepe wa tyubu ya baiskeli, ule ule wa kufungia mizigo, ukifungwa kwenye nondo za dirisha unatosha kuvutia viwiko nyuma, baada ya mtaalamu wa fiziotherapia kukuonyesha.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 ulihesabu hatua 8 za kumpatia mtu kiti mwendo, zikiwamo kumpima, kumfundisha na kumfuatilia. Katika hafla nyingi za kukabidhi viti tunaona kitendo kimoja tu, cha kukabidhi. Wewe unayekusanya michango ya kiti kwa ajili ya jirani wa Kirumba au Igoma, kabla hujakwenda dukani muulize kama atasukumwa au atajisukuma. Akikujibu kwamba atajisukuma, mpeleke kwanza akapimwe.