Zawadi za sikukuu kwa watoto wa kaya masikini: Pa kuanzia Kiboriloni

KILA inapofika Desemba, Wachagga waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurejea nyumbani, na mzaha kwamba wanakwenda "kuhesabiwa" umezoeleka nchi nzima. Kiboriloni, kata ya Manispaa ya Moshi iliyo kando ya barabara iendayo Himo, huwaona wakipita na mabegi yao. Lakini si kila mtoto wa hapo ana mjomba au shangazi wa kumpokea. Kwa bibi anayelea wajukuu bila kipato cha uhakika, siku hizo ni za kuhangaikia nguo moja ya sikukuu, ikiwezekana ya mtumba, na kilo chache za mchele.

Msaada upo, ila mwingi unaosikika huelekezwa vituoni. Imekuwa desturi ya marais wa Tanzania kutuma mbuzi, mchele na mafuta ya kula kwa vituo vya kulea watoto wakati wa Idd, Krismasi na Mwaka Mpya, na wafadhili wengine hufuata mkondo huo huo. Si ajabu: kituo kina bango, usajili na watoto waliokusanyika mahali pamoja. Mtoto anayelala chumba kimoja na bibi yake haonekani kwa mfadhili mpaka mtu amtaje.

Wa kwanza kumtaja ni uongozi wa mtaa. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa ndio wanaozifahamu kaya, na barua yao ya utambulisho humsaidia mzazi kila aendako. Kutoka hapo anaweza kumwona ofisa ustawi wa jamii. Ofisi hiyo si ghala la zawadi, lakini yaweza kumwelekeza mfadhili kwa familia iliyosahauliwa. Mzazi asione haya kuiendea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika maeneo yao.

Njia nyingine ni nyumba za ibada. Kwa Wakatoliki, shida ya kaya hufikishwa parokiani kupitia jumuiya ndogo ndogo; kwa Walutheri, kupitia wazee wa kanisa na huduma ya diakonia. Vipo pia vituo vya huduma ya mtoto vilivyo makanisani kwa ushirikiano na shirika la Compassion, lililoanza kazi nchini mwaka 1999, ambavyo hutoa zawadi za Krismasi kwa watoto walioandikishwa. Anayekwenda wiki ya Krismasi akitarajia mwanawe aandikishwe papo hapo atarudi mikono mitupu.

Kwa Waislamu, Zakatul Fitri ina wakati wake maalumu: hutolewa kabla ya swala ya Idd el Fitr, kiasi cha kilo mbili na nusu hivi za chakula kwa kila mtu wa kaya inayotoa, na wanaostahili ni mafukara na masikini. Imamu wa msikiti wa jirani huelezwa mapema, siku za mwisho za Ramadhani zikiwa bado hazijaisha.

Maombi ya Krismasi nayo yafaa yatangulie, Oktoba au Novemba, yakiwa na umri wa mtoto, darasa lake, kipimo cha nguo na namba ya kiatu. Hapa busara ya mzazi ina nafasi kubwa. Ada ya shule ya msingi ya serikali ilifutwa siku nyingi, na mwaka 2016 mpango wa elimu bila ada ulifika hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari vimebaki mzigo wa mzazi, na shule hufunguliwa Januari. Gari la kuchezea humfurahisha mtoto, naye anastahili furaha hiyo. Hata hivyo, mfadhili akiuliza kinachohitajika, viatu vyeusi vya shule vitajwe kwanza.

Msaada wa kweli hauuzwi. Anayedai fedha za fomu au za "kuingiza jina" aripotiwe kwa mtendaji. Na pale wageni wanapotaka kumpiga picha mtoto akipokea mfuko wa mchele, mlezi aulizwe kabla kamera haijatolewa. Akikataa, mchele ubaki kwake.