Jina Moja, Tahajia Nyingi: Majina ya Kisukuma katika Vitabu vya Ubatizo

Katika Ezra 2:62 tunasoma habari za jamaa za makuhani waliozitafuta nasaba zao katika orodha wasizione, wakatengwa na ukuhani. Habari hiyo huturudia tufikiripo juu ya vitabu vya ubatizo katika nchi ya Wasukuma. Mjane atakiwaye kuthibitisha ndoa yake, au mzee atafutaye ushahidi wa umri wake, aweza kuambiwa kwamba jina lake halimo, ilhali limo, ila limeandikwa kwa herufi nyingine.

Kisukuma kina irabu saba, nazo herufi za Kiswahili ni tano. Majina mengi huanza kwa sauti ng'w, ambayo mwandishi wa Kiswahili huigeuza mw. Zimo pia nh na mh, zitamkwazo kwa pumzi puani. Mhoja akipokonywa h huwa Moja, na msomaji hudhani ni hesabu. Ama l na r, Kisukuma hakizitenganishi, basi Masalu huweza kuwa Masaru kwa kalamu ya mgeni. Hata mji mkubwa wa ziwani umepitia hayo: wenyeji husema Ng'wanza, Wajerumani waliandika Muansa, nasi leo twaandika Mwanza. Katika Mkoa wa Simiyu, uliotengwa na Shinyanga mwaka 2012 na wenye makao yake Bariadi, majina kama Mwanhuzi, Mwandoya na Mwamapalala yamefunika ng'w ileile. Na yule mtu mashuhuri wa Usukuma huandikwa Ng'wanamalundi, Ngwanamalundi au Mwanamalundi.

Tena walioandika hawakuwa wa namna moja. Kituo cha Nassa, kilichomo leo katika Wilaya ya Busega, kilitoka mikononi mwa Waanglikana wa CMS kikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Kila kizazi cha waandishi kilikuja na sikio lake.

Wengine walikwisha kukutana na shida hii. Mwaka 1918 Robert Russell wa Marekani alipata hataza ya njia iitwayo Soundex: herufi ya kwanza ya jina huachwa ilivyo, irabu hutupwa, na konsonanti zinazokaribiana kwa sauti hupewa tarakimu moja. Katika miaka ya 1930 njia hiyo ilitumika kupanga upya majina ya sensa ya Marekani ya 1880, ili wazee wasio na vyeti vya kuzaliwa waweze kuthibitisha umri wao na kupata pensheni. Haja yao, basi, ilikuwa ileile ya mzee wetu.

Lakini Soundex ilifuata sikio la Kiingereza. Tukiijaribu kwa majina yetu, Masanja hupata M252, na Masunga pia hupata M252, ingawa hao ni watu wawili. Ng'wandu hupata N253 na Mwandu M530, ingawa jina ni moja. Imeunganisha wageni na kutenganisha ndugu.

Njia ya pili ni ya Mrusi Vladimir Levenshtein, ya mwaka 1965. Yeye alihesabu ni herufi ngapi zipaswazo kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili neno moja liwe lingine. Kutoka Masanja hadi Masunga ni hatua mbili. Kutoka Ng'wandu hadi Mwandu, tukihesabu na alama ya ritifaa, ni tatu. Hapa tena hesabu peke yake yatupoteza. Dawa ni kutanguliza kanuni za Kisukuma chenyewe: ng'w ihesabiwe sawa na mw, r sawa na l, nh sawa na n, na ritifaa isihesabiwe. Ndipo Ng'wandu na Mwandu hukutana bila hatua hata moja, na Masanja na Masunga hubaki mbali. Kanuni hizo aweza kuzitunga mzee wa usharika wa Bariadi ambaye hajagusa kompyuta, na huenda akazitunga vema kuliko mtaalamu wa mjini.

Hata hivyo akina Masanja ni wengi, nao waweza kuandikwa sawasawa bila kuwa mtu mmoja. Ezra 2:2 humtaja Rehumu, na Nehemia 7:7 humtaja Nehumu mahali palepale pa orodha. Twamtambua kwa jirani zake: kabla yake Bigwai, baada yake Baana. Vivyo hivyo katika kitabu cha ubatizo: jina la baba na la mama, wasimamizi, kijiji, mwaka. Mashine ilete majina kumi yanayofanana, kisha mchungaji akae na mwenyewe, pamoja na wamjuao, wachague. Na lile jina la kale lisifutwe wala kusahihishwa kitabuni. Tahajia nyingine iandikwe katika faharasa ya pembeni, pamoja na tarehe na jina la aliyeiandika.