Mchango wa Lazima Upareni: Kutoka Mbiru hadi Bima ya Afya kwa Wote

Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milima ya Upare, wakakusanyika Same kwenye boma la mkuu wa wilaya, wakapiga kambi. Dai lao lilikuwa moja: mbiru ifutwe. Hilo lilikuwa jina la ushuru wa kale wa machifu, na serikali ya wenyeji chini ya Waingereza ililifufua wakati wa Vita ya Pili ya Dunia ili kutoza kodi mpya iliyopangwa kwa mali ya mtu. Mwenye vingi atoe vingi, mwenye vichache atoe vichache. Ukiisoma kwenye karatasi, ilikuwa kodi ya haki kuliko kodi ya kichwa, ambayo tajiri na fukara waliilipa sawasawa. Hata hivyo Wapare waliipinga hadi wakoloni wakasalimu amri. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliingia katika mapambano, na kufikia 1947 mbiru ilikuwa imeondolewa na kodi ya kiwango kimoja kurudishwa.

Profesa Isaria Kimambo, aliyeliandikia tukio hilo kijitabu mwaka 1971, anaonyesha wazi kwamba watu hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kupimwa. Nani angeingia kwenye maboma yao kuhesabu ng'ombe, na angemhesabia nani ng'ombe walio mikononi mwa huyu lakini ni mali ya yule? Nani angezuia karani au mzee wa chifu asimpandishe adui yake na kumshusha shemeji yake? Na fedha ikishakusanywa, ingeonekana wapi?

Naanza na mbiru kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge letu Novemba 2023, inauliza maswali yaleyale kwa watu walewale. Inasema kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Inasema pia asiye na uwezo alipiwe na wenzake kupitia mfuko maalumu. Kwa hiyo lazima mtu apimwe: huyu anao uwezo, huyu hana. Mjadala mwingi Dodoma na Dar es Salaam umekuwa juu ya viwango na vyanzo vya fedha. Kwa maoni yangu, ukitazama kutoka Same, jambo zito zaidi ni upimaji, na historia ya milima hii ina la kusema.

Jambo la kwanza inalosema ni kwamba ulazima wenyewe si kitu kigeni kwa Wapare. Mkulima wa Upare ya kusini amelelewa ndani ya mchango wa lazima. Chukua ndiva, lile bwawa dogo la udongo na mawe linalokinga maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe yateremke mferejini kwenda mashambani. Ndiva hujaa tope. Mifereji hubomoka mvua zikinyesha. Basi huitishwa msaragambo, na kila kaya hutoa mtu mwenye jembe au sepeto. Asiyefika bila sababu hutozwa faini, au hukosa zamu yake ya maji. Mgonjwa na mjane mkongwe husamehewa, na msamaha huo hauna ubishi, maana watu wote wanajua nani ni mgonjwa na nani amezeeka. Anayechimba leo anayaona maji kesho yake. Hakuna anayehitaji kuelezwa mchango wake umekwenda wapi.

Msaragambo huohuo ulijenga shule, ukachonga barabara za kupanda Suji, Mbaga na Chome, na baadaye ukabeba mawe na mchanga wa zahanati. Serikali ilipoanzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi mwaka 2007, kwa lengo la zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, ilitegemea nguvu za wananchi kwa msingi na kuta. Anayesema watu wa milimani hawapendi kuchangia afya yao azitazame kuta hizo kwanza.

Bima ya lazima ya serikali ilizaliwa mbali, katika nchi ambayo bendera yake baadaye ilipepea hapa. Ujerumani ya Bismarck ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883: mfanyakazi alitoa theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja. Wamisionari wa Leipzig waliofika Upareni mwanzoni mwa karne ya 20, na Waadventista walioingia Upare ya kusini mwaka 1903 kutoka Ujerumani hiyohiyo, walitoka katika nchi iliyokwisha kuamua kwamba ugonjwa wa kibarua ni jambo la taifa zima. Huku koloni lilipata kodi ya nyumba. Matibabu yaliachiwa misheni, na mbegu ya wakati ule ndiyo iliyoota hata tukawa na huduma za Kanisa kama hospitali ya KKKT Gonja, ambako watu wa Maore, Ndungu na vijiji vya juu yake wamekimbilia kwa vizazi.

Sheria ile ya Bismarck ina siri moja inayosahaulika sana: ilisimama juu ya mshahara. Fedha ilikatwa kabla haijamfikia mtu mkononi, na kiasi cha kukata kilijulikana kwa sababu kipato kilijulikana. Mfuko wetu wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotungiwa sheria mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, ulifuata njia hiyo: asilimia 3 kutoka kwa mtumishi wa umma, asilimia 3 kutoka kwa mwajiri. Mwalimu wa Hedaru hakuulizwa kama anataka. Leo mwalimu huyo anatibiwa hospitali ya KCMC kwa kadi yake, na sijamsikia akiandamana.

Kabla ya hapo tulijaribu njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilifanya matibabu kuwa haki isiyolipiwa, ikatawanya zahanati vijijini, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Mlipaji alikuwa kodi ya taifa. Wazee wengi wanaukumbuka wakati huo kwa mapenzi, na wana haki. Lakini bei ya mafuta, vita ya Kagera na kushuka kwa bei ya mazao yetu vilikausha hazina, na dawa zikakosekana. Mwaka 1986 Tanzania ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Aliyebeba Wizara ya Fedha alikuwa Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi. Mwaka 1991 milango ya hospitali binafsi ikafunguliwa tena, na 1993 ikaja sera ya uchangiaji: mgonjwa alipe sehemu ya gharama hospitalini.

Watoto wadogo, wajawazito na baadaye wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo waliwekewa msamaha. Wengine walitakiwa kupata barua: mtendaji wa kijiji aandike, afisa ustawi wa jamii athibitishe. Hapo ndipo upimaji ulirudi Upareni, kimyakimya, bila mtu kuuita mbiru. Mama mwenye mgonjwa kitandani alipaswa kutafuta muhuri wa ofisi ili athibitishwe kuwa fukara. Wengine walishikwa na aibu wakauza mbuzi.

Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria 2001, ulikusudiwa kuondoa aibu hiyo. Kaya inalipa mara moja kwa mwaka, inapata kadi, inatibiwa. Serikali iliongeza shilingi kwa kila shilingi iliyochangwa, mpango ulioitwa tele kwa tele. Kujiunga kulikuwa kwa hiari. Mwaka 2018 ukaboreshwa: mikoani shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, na rufaa ikaruhusiwa hadi hospitali ya mkoa. Mwandikishaji anapita kitongojini na simu janja, anawapanga baba, mama na watoto mbele ya nyumba, anapiga picha mmoja mmoja, anaingiza majina, anapokea fedha. Kazi yote humalizika papo hapo kwenye ua.

Ukigawa, ilikuwa shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka. Kwa nini basi watu hawakujaa? Sababu ya kwanza kila mwenye kadi anaijua: anafika, anapimwa, kisha anaambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Mwaka unaofuata harudii kulipa. Ya pili imo ndani ya hiari yenyewe. Mkulima kijana wa tangawizi wa Mamba Miamba, mwenye afya na fedha ya mavuno mfukoni, haoni haraka. Anayekimbilia kadi ni mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye mke anayekaribia kupasuliwa. Mfuko ukijaa wagonjwa peke yao hulipa zaidi kuliko unavyopokea, dawa zinapungua, na wazima wachache waliomo wanatoka. Serikali ilipopeleka muswada bungeni, waliokuwa na bima ya aina yoyote nchini walikadiriwa kuwa takribani asilimia 15.

Ndiyo maana nasimama upande wa ulazima. Hakuna nchi iliyowafikishia watu wake wote matibabu kwa kuwasubiri wajiunge wanapojisikia. Uingereza ilitumia kodi, Ujerumani makato ya mshahara, na Kenya, yenye mfuko wa taifa tangu 1966, ilihamia Oktoba 2024 kwenye makato ya asilimia 2.75 ya kipato. Njia ni tofauti. Ulazima umo katika zote.

Lakini muswada wa kwanza, uliosomwa bungeni Septemba 2022, uliutafuta ulazima mahali pabaya. Ulitaka kufunga huduma nyingine kwa asiye na bima: leseni ya udereva, namba ya mlipakodi, hati ya kusafiria na nyinginezo. Kiwango kilichotajwa wakati ule kilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, zaidi ya mara 11 ya kile cha Mfuko wa Afya ya Jamii. Wabunge walipinga, wananchi walipinga, muswada ukarudishwa. Sheria ya 2023 ilipita baada ya vifungu hivyo kuondolewa, na mfuko wa wasio na uwezo ukatajiwa vyanzo, vikiwamo ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe kali, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kurudi nyuma kule kulikuwa kwa busara. Kijana wa bodaboda wa Makanya angenyimwa leseni, angeendelea kuendesha bila leseni, na asingekuwa na bima vilevile.

Linabaki swali la upimaji. Wilaya ya Same ina watu takribani laki tatu, wengi wao wakulima na wafugaji wasio na hati ya mshahara. Kipato chao huja kwa msimu: tangawizi Mamba, mpunga Ndungu, ng'ombe mmoja mnadani, fedha inayotumwa na mtoto aliyeko Arusha. Anayeonekana tajiri Agosti anaweza kukopa unga Februari. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) umekuwa ukitambua kaya maskini kupitia mikutano ya vijiji kwa zaidi ya miaka 10, na manung'uniko ni yaleyale ya 1945: jina la fulani limeingiaje, la fulani limetokaje.

Jirani yetu aliyekwenda mbali zaidi ni Rwanda. Mwaka 2011 ilipanga michango ya bima yake ya jamii kwa makundi ya uwezo yaliyowekwa na wanakijiji wenyewe, hadharani, kwa utaratibu wa ubudehe. Wa kundi la chini kabisa walilipiwa faranga zao 2,000. Waliofuata walitoa 3,000, na wa juu 7,000. Malalamiko yalikuwepo na makundi yamebadilishwa tangu hapo, ila bima ilienea karibu nchi nzima. Wapimaji walikuwa majirani, na orodha ilisomwa mbele ya watu.

Hilo linawezekana Upareni kuliko mahali pengi, kwa kuwa tayari kuna watu wanaojua nani asamehewe jembe siku ya kuzibua mfereji. Ningependa kuona kanuni za sheria zikiupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya kutaja na kufuta majina kila mwaka, na zikimlazimisha mganga mfawidhi abandike ukutani, kila mwezi, fedha iliyoingia kutokana na kadi za kijiji hicho na dawa zilizonunuliwa. Dawa ikiwa rafuni, mwandikishaji hatahitaji hotuba.

Kuna jambo moja ambalo kitita chochote cha mafao kilichoandikwa kwa kuitazama nchi tambarare kitalisahau. Kutoka vitongoji vya chini ya kilele cha Shengena, mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye pikipiki bado hubebwa kwa machela. Wanaume wanne huweka vijiti mabegani, wengine wanne hufuata nyuma kuwapokea, na mmoja hutangulia na panga na tochi, wakiteremka kwa utelezi hadi gari linapofika. Kisha gari hilo hulipwa taslimu, na mara nyingi nauli hupita bei ya dawa. Mpango wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchini mwaka 2022, umeonyesha njia: unapigwa simu namba 115, dereva wa kijijini anatumwa, analipwa kwa simu. Unawahudumia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga tu. Babu aliyepooza ghafla hana namba ya kupiga, na gharama ya kumteremsha haijawekwa popote kuwa sehemu ya bima. Iwekwe, kwa viwango vya milimani, na wale vijana wanane wa machela nao wahesabiwe kuwa watoa huduma.